Ua la Kamelia na Sufuria ya Githeri: Jinsi Wataalamu Walivyojifunza Kupima Protini

Leo tutazungumza juu ya historia. Si historia ya vita na wafalme, bali historia ya chakula cha mtoto. Tutaanza na ua, tupitie kwa mifupa, panya na mahindi, kisha tumalizie katika sufuria yako mwenyewe.

Umewahi kuutazama mmea wa majani chai kwa makini? Pale Kericho, Limuru, Nyeri au Kisii wakulima huukata mara kwa mara ili uwe kichaka kifupi chenye machipukizi mengi. Lakini ukiachwa ukue, huwa mti, na hutoa maua madogo meupe yenye manjano katikati. Jina lake la kisayansi ni Camellia sinensis. Yaani majani chai ni ndugu mmoja katika ukoo mkubwa wa mimea iitwayo kamelia. Ukoo huu ulipewa jina katika karne ya 18 na mtaalamu wa mimea wa Uswidi, Carl Linnaeus, kwa heshima ya Georg Kamel, mtawa aliyekuwa mtengeneza dawa huko Manila, Ufilipino. Kwetu Kenya, chai ilipandwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1903 huko Limuru. Kwa hivyo kamelia si mgeni. Wengi wetu tumeinywa asubuhi ya leo.

Nchini China ukoo huu una ndugu wengi zaidi. Baadhi hupandwa kwa ajili ya uzuri wa maua, na wengine kwa mafuta yanayokamuliwa kutoka kwa mbegu. Maua yake pia yametumika tangu zamani. Tabibu Li Shizhen, ambaye kitabu chake kikubwa cha dawa kilichapishwa mwaka wa 1596, aliliweka ua la kamelia miongoni mwa dawa za kuzuia damu kutoka. Katika miaka ya karibuni maua haya yameanza kuuzwa kama chakula. Mwaka wa 2010 serikali ya China iliiruhusu kamelia ya manjano itumike kama chakula, na mwaka wa 2013 ikaliruhusu ua la mti wa chai. Watu huyakausha na kuyatia katika maji moto, au hutumia petali zake katika mapishi.

Basi watafiti wakayachukua maua hayo hadi maabara. Wakayakausha, wakayasaga, wakapima protini iliyomo, kisha wakalinganisha kamelia moja na nyingine. Na hapa ndipo sisi kina mama tunapoingia. Siku hizi utasikia mtu akisifu unga wa ua fulani, au jani fulani, au mbegu fulani, akisema: "Hii ina asidi amino zote muhimu." Maneno hayo yana maana gani kwa mtoto wako wa mwaka mmoja na nusu? Tukijua jinsi elimu hii ilivyopatikana, tutajua pia maswali ya kuuliza kabla ya kufungua kibeti.

Kwanza, asidi amino ni nini? Fikiria mkufu wa shanga. Protini ni mkufu, na asidi amino ni shanga zake. Kuna aina 20 za shanga hizi katika miili yetu. Mtoto anapokula yai au maharagwe, tumbo hukata mkufu huo, shanga zikatawanyika, kisha mwili ukazitunga upya kuwa misuli, damu, ngozi na kinga ya kupambana na magonjwa. Shanga nyingine mwili unaweza kujitengenezea. Lakini aina 9 hauwezi. Ni lazima zitoke kwenye chakula. Hizo ndizo huitwa asidi amino muhimu.

Wataalamu hawakulijua jambo hili kwa siku moja. Mapema katika karne ya 19, mjini Paris, kulikuwa na maskini wengi na wagonjwa wengi hospitalini. Baadhi ya watu walidhani wamepata njia rahisi ya kuwalisha: kuchemsha mifupa hadi itoe jelatini, ule utelezi unaoganda supu ikipoa. Jelatini ni protini, na mifupa haikuwa na gharama kubwa. Kamati ya wanasayansi ikaundwa kulichunguza jambo hilo, ikiongozwa na daktari François Magendie. Walilisha mbwa chakula hicho, na mwaka wa 1841 wakatoa ripoti yao: jelatini peke yake haiwezi kuutunza uhai. Leo tunajua sababu. Jelatini haina kabisa asidi amino moja muhimu iitwayo triptofani.

Mama, somo hilo bado lina kazi jikoni kwetu. Supu ya mifupa ina ladha nzuri na inamtia mgonjwa joto. Lakini ukimpa mtoto mchuzi mtupu na nyama ikabaki kwenye sahani ya mtu mzima, mtoto hajapata sehemu yake. Mkatie nyama ndogo ndogo au uiponde, aile pamoja na mchuzi.

Triptofani yenyewe iligunduliwa mwaka wa 1901 huko Uingereza na Frederick Gowland Hopkins na mwenzake Sydney Cole. Miaka 5 baadaye, mwaka wa 1906, Hopkins na Edith Willcock waliwalisha panya wadogo chakula ambacho protini yake ilikuwa zeini peke yake. Zeini ndiyo protini iliyo nyingi zaidi katika punje ya mahindi. Panya hao hawakukua, na walikufa upesi. Walipoongezewa triptofani, waliishi muda mrefu zaidi, lakini bado hawakukua.

Kulikuwa na kitu kingine kilichokosekana. Mwaka wa 1914, nchini Marekani, Thomas Osborne na Lafayette Mendel walikipata. Panya waliopewa zeini pamoja na triptofani walibaki na uzito ule ule. Walipoongezewa asidi amino nyingine iitwayo lisini, wakaanza kukua. Kisha mwaka wa 1935 William Rose, naye wa Marekani, akatangaza ugunduzi wa threonini, na orodha ya asidi amino muhimu ikawa karibu kukamilika.

Hebu tuyaweke mambo hayo katika lugha ya mjengo. Fundi anajenga nyumba. Mawe yapo mengi, mchanga upo, mabati yapo, lakini saruji imekwisha. Je, kazi itaendelea? La. Mawe yatakaa pale pale hata yakiwa elfu moja. Mwili wa mtoto hufanya vivyo hivyo. Asidi amino muhimu iliyo haba kuliko zote ndiyo inayoamua ujenzi utafika wapi. Zilizosalia mwili hauziweki akiba kama mawe ya fundi. Huzichoma kama kuni.

Kutokana na wazo hilo ukapatikana mtindo wa kulinganisha vyakula. Mwaka wa 1946 wataalamu wawili wa Marekani, Mitchell na Block, walilitumia yai kama rula. Waliuliza: ukilinganisha chakula hiki na yai, ni asidi amino gani iliyopungua zaidi? Hiyo ndiyo iliyokipa chakula alama zake. Baadaye mashirika ya Umoja wa Mataifa, lile la chakula, FAO, na lile la afya, WHO, yalitengeneza rula nyingine inayofuata mahitaji ya binadamu mwenyewe. Rula ya mwaka wa 1973 ilitumika kwa miaka mingi, na mwaka wa 2013 FAO ilichapisha nyingine inayohesabu pia ni kiasi gani cha asidi amino kinachomeng'enywa na kuingia mwilini kweli. Maana chakula kinaweza kuwa na shanga nyingi, lakini zikapita tumboni bila kuchukuliwa.

Sasa tuje kwa mtoto mwenyewe. Wakati panya walipokuwa wakipimwa Ulaya na Marekani, watoto wa Afrika walikuwa wakiugua. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, alifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana. Aliwaona watoto wa umri wa mwaka mmoja hadi minne waliovimba miguu na mikono, ngozi ikibambuka, wakiwa wachovu na wenye kulialia. Wengi walifariki. Aligundua kwamba watoto hao walikuwa wameachishwa kunyonya kwa sababu mama amepata mtoto mwingine, na sasa walilishwa uji wa mahindi. Aliandika habari hizo mwaka wa 1933, na mwaka wa 1935 akauita ugonjwa huo kwa jina walilolitumia wenyeji wa lugha ya Kiga: kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto anayeachia mwenzake nafasi. Tuseme ukweli, mama: wale waliotoa jina hilo walikuwa wameuona ugonjwa na chanzo chake kabla ya daktari yeyote.

Baada ya hapo dunia nzima ikaanza kuzungumza juu ya protini. Kulitengenezwa unga wa samaki, mikate iliyotiwa lisini, na vyakula vingi vya ajabu. Ilidhaniwa kwamba ukimpa mtoto protini tu, utapiamlo utakwisha. Lakini mwaka wa 1974 daktari Donald McLaren aliandika katika jarida la The Lancet la Uingereza kwamba mkazo huo wote juu ya protini ulikuwa kosa kubwa. Watoto wengi wenye utapiamlo walikosa chakula cha kutosha kwa jumla. Mtoto asiyeshiba huchoma hata ile protini kidogo anayoipata ili apate nguvu za kupumua na kuchezesha viungo. Na mtoto anayeharisha kila wiki hupoteza anachokula.

Kutokana na historia hii yote tunapata maswali matatu. La kwanza: je, katika chakula hiki ni asidi amino gani iliyo haba? La pili: je, mtoto wangu anaweza kula kiasi gani cha chakula hiki? La tatu: je, ameshiba, na ni mzima, ili mwili wake utumie protini hiyo kujenga?

Sasa turudi kwa ua la kamelia na tuliulize maswali hayo. Kusema kwamba lina asidi amino zote muhimu si uongo, lakini si sifa kubwa. Hata mahindi yana asidi amino zote 9. Tatizo la mahindi ni uhaba wa baadhi yake, si kukosekana kabisa. Pili, watafiti hupima maua yaliyokaushwa na kusagwa. Petali mbichi ni maji kwa sehemu kubwa. Zikikauka huwa nyepesi kama karatasi. Mtoto wa mwaka mmoja hushiba kwa kikombe kimoja hivi cha chakula kwa mlo. Ni petali ngapi zitaingia humo, na nafasi ya chakula cha kumpa nguvu itabaki wapi? Tatu, ua likitiwa katika maji moto kama chai, sehemu kubwa ya protini hubaki kwenye petali, nazo hutupwa.

Kuna na jambo la nne. Si kila asidi amino hujenga mwili. Katika majani chai asidi amino iliyo nyingi zaidi miongoni mwa zile zisizofungwa katika protini ni theanini, iliyotambuliwa nchini Japani mwaka wa 1949. Ndiyo inayochangia ile ladha tamu ya chai nzuri. Lakini mwili hauitumii kutunga misuli wala damu. Kwa hivyo mtu akikuonyesha jumla ya asidi amino bila kukuambia ni zipi, hajakuambia jambo la maana.

Hatusemi ua la kamelia ni baya. Watu wa China wana haki ya kulila na kulifurahia, kama sisi tunavyofurahia maua ya malenge katika mboga zetu. Tunachosema ni kwamba ua ni kiungo cha kunogesha meza, si nguzo ya kumlea mtoto.

Nguzo iko wapi basi? Chukua kalamu, tufanye hesabu kidogo. Gramu moja ya protini ya mahindi ina takriban miligramu 27 za lisini. Rula ya FAO ya mwaka wa 2013 inasema mtoto wa miezi 6 hadi miaka 3 anahitaji miligramu 57 katika kila gramu ya protini. Mahindi hayafiki hata nusu. Lakini maharagwe yana takriban miligramu 68. Maharagwe nayo yana uhaba wa asidi amino nyingine, methionini, ambayo mahindi yana nafuu nayo. Sasa changanya mahindi na maharagwe makavu, kipimo kwa kipimo. Kwa kuwa maharagwe yana protini zaidi ya mara mbili ya mahindi, mchanganyiko huo unakupa takriban miligramu 56 za lisini kwa kila gramu ya protini. Umekaribia kabisa pale panapotakiwa, na huku hujanunua kopo lolote.

Huo mchanganyiko unaujua. Wengine huuita githeri, Wakamba huuita isyo, Wajaluo huuita nyoyo. Mahindi yenyewe asili yake ni Mexico, na huko pia wenyeji waliyala pamoja na maharagwe tangu enzi za kale. Bibi zetu hawakuwa na maabara, lakini sufuria yao ilijibu swali ambalo Osborne na Mendel walilihangaikia. Ndiyo maana wahenga wakasema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Lakini tafadhali, githeri ya mtoto mdogo si ile ya mtu mzima. Loweka maharagwe usiku kucha, yamwage maji hayo, yachemshe hadi yaive kabisa, kisha yaponde vizuri pamoja na mahindi yaliyolainika. Ongeza kijiko cha mafuta au ponda parachichi ndani yake ili apate nguvu. Weka mboga za majani zilizokatwa laini. Na kila inapowezekana, mpe chakula cha mnyama: yai, maziwa, omena waliosagwa, maini au nyama. Vyakula hivi vina asidi amino kwa wingi, pamoja na madini ya chuma na zinki ambayo nafaka haziwezi kuyatoa vya kutosha. Mtoto wa chini ya miezi 6 haya yote hayamhusu. Yeye ni maziwa ya mama peke yake. Baada ya hapo endelea kumnyonyesha hadi atimize miaka 2 au zaidi, hata kama kuna mimba nyingine, isipokuwa mhudumu wa afya akushauri vinginevyo.

Neno moja juu ya chai, huyu kamelia wetu wa nyumbani. Mwaka wa 1975 watafiti wa Afrika Kusini walionyesha kwamba chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua madini ya chuma. Kwa hivyo chai ya rangi na mkate si kiamshakinywa cha mtoto mdogo. Humjaza tumbo, humpunguzia damu, na haimjengi. Mpe uji uliotiwa maziwa, au maziwa yenyewe ikiwa amepita mwaka mmoja. Mama mjamzito naye anywe chai yake mbali na wakati wa chakula na wakati wa kumeza vidonge vya kuongeza damu.

Mwisho, jambo ambalo tafadhali usilisahau. Ukiona miguu yote miwili ya mtoto imevimba, ibonyeze kwa kidole gumba huku ukihesabu hadi tatu. Shimo likibaki, hiyo ni dalili ya hatari. Vile vile mhudumu wa afya akimpima mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 kwa utepe wa mkono na kipimo kikaangukia kwenye rangi nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, mtoto huyo ana utapiamlo mkali. Usianze kumlazimisha mayai na nyama nyumbani, wala usitafute unga wa ua wala wa mti. Mwili uliodhoofika namna hiyo hauwezi kubeba protini nyingi kwa ghafla. Ndiyo maana maziwa maalum yanayotumiwa kwanza hospitalini, yaitwayo F-75, yana chini ya gramu moja ya protini katika kila mililita 100. Mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyo hiyo. Watoto wengi hupona wakifikishwa mapema.

Mama, kutoka mifupa ya Paris hadi panya wa Marekani, kutoka uji wa mahindi wa Ghana hadi ua la China, imechukua zaidi ya miaka 150 kujifunza kwamba chakula hakipimwi kwa sifa zake peke yake. Hupimwa kwa kile kinachokosekana ndani yake, na kwa kile unachokiweka kando yake. Leo jioni, unapopakua, tazama sahani ya mtoto na ujiulize: mahindi yapo, je, mwenzake yupo?

Kama una swali juu ya lishe ya mtoto wako, muulize mhudumu wa afya wa kijiji chenu au muuguzi wa kliniki siku ya kupima uzito.